Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuthibitisha Kama Alama ya Kikemia kwenye RNA Inaathiri Maambukizi ya Virusi

Mwaka 2016 vikundi vitatu vya watafiti nchini Marekani vilichapisha matokeo kuhusu alama ya kikemia iitwayo m6A kwenye RNA ya VVU. Vyote vitatu vilikubaliana kwamba alama hiyo ipo. Kundi la Bryan Cullen wa Chuo Kikuu cha Duke liliona kwamba protini za YTHDF, ambazo kazi yake ni kuitambua alama hiyo, huongeza uzalishaji wa virusi. Kundi la Li Wu wa Chuo Kikuu cha Ohio State liliona kwamba protini hizohizo huzuia maambukizi kwa kupunguza hatua ambayo RNA ya kirusi hunakiliwa kuwa DNA. Kundi la Tariq Rana wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilieleza kwamba alama hiyo huisaidia protini ya kirusi iitwayo Rev kuitoa RNA nje ya kiini cha seli.

Mkanganyiko huo hautokani na uzembe wa mtu yeyote. Swali la kama alama ya kikemia inaathiri maambukizi lina maswali manne ndani yake, na kila moja lina kipimo chake: je, alama ipo kweli kwenye RNA ya kirusi, ipo kwenye herufi (nukleotidi) ipi, je, maambukizi hubadilika mashine ya kuweka alama inapoondolewa, na je, badiliko hilo linatokana na alama iliyo kwenye RNA ya kirusi au na alama zilizo kwenye RNA za seli yenyewe? Mwongozo huu unawalenga wanafunzi wa uzamili na watafiti wanaoingia katika fani hii, na unafuata maswali hayo kwa mpangilio huo, kwa sababu anayeruka la kwanza hana msingi wa kujibu la nne.

Hatua ya 1: Ijue alama pamoja na protini zake

m6A ni adenosini iliyoongezewa kikundi kimoja cha methili kwenye nitrojeni ya nafasi ya 6. Ilitambuliwa katika RNA ya ujumbe ya mamalia mwaka 1974, na katika miaka michache iliyofuata ikaonekana pia katika RNA za virusi, vikiwemo vya mafua. Baada ya hapo utafiti ulilala kwa miongo kadhaa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuonyesha alama ilipo. Uliamka mwaka 2011, kundi la Chuan He wa Chuo Kikuu cha Chicago lilipoonyesha kwamba kimeng'enya FTO kinaweza kuiondoa alama hiyo, na mwaka 2012 makundi ya Gideon Rechavi nchini Israeli na Samie Jaffrey wa New York yakachora ramani za kwanza za m6A katika RNA zote za seli.

Protini zinazohusika ni za aina tatu. Zinazoweka alama ni METTL3 na METTL14 zikisaidiwa na WTAP. METTL3 ndiyo inayofanya kazi ya kikemia, na METTL14 huishika RNA mahali pake. Zinazoondoa alama ni FTO na ALKBH5. Zinazoitambua alama ni YTHDF1, YTHDF2 na YTHDF3 katika saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, na YTHDC1 katika kiini; YTHDF2 hujulikana zaidi kwa kuharakisha kuvunjwa kwa RNA inayoishika. Majina haya yakariri mapema, kwani yatajitokeza katika kila makala utakayosoma.

Alama za kikemia za RNA zinazojulikana zinazidi 150, na baadhi yake zimehusishwa na virusi: m5C inayowekwa na NSUN2 na ac4C inayowekwa na NAT10, zote katika RNA ya VVU, pamoja na methili inayowekwa kwenye sukari ya herufi za mwanzo wa RNA. Hapa nafuata m6A kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mantiki ya hatua ni ileile kwa alama nyingine, ingawa vipimo hutofautiana.

Hatua ya 2: Uliza kirusi chako huzaliana wapi

Kabla ya kugusa sampuli yoyote, chukua kalamu. METTL3 na wenzake hukaa hasa katika kiini cha seli na hufanya kazi wakati RNA inanakiliwa kutoka kwenye DNA. Kwa hiyo virusi vinavyotengeneza RNA zao ndani ya kiini, kama VVU, mafua, homa ya ini aina ya B, na kirusi cha herpesi kinachosababisha sarkoma ya Kaposi, saratani inayojulikana sana Uganda na nchi jirani, vina njia ya wazi ya kukutana na vimeng'enya hivyo. Virusi vinavyozaliana katika saitoplazimu peke yake havina njia hiyo, na anayedai kwamba RNA zao zina m6A anapaswa kueleza kimeng'enya kiliifikia vipi.

Chukua mfano wa chikungunya, kirusi kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Jenomu yake ni RNA ya takribani herufi 11,800, na huzaliana katika saitoplazimu. Watafiti wengi huanza kwa kutafuta katika jenomu ya namna hiyo mfuatano uitwao DRACH, ambao ndio METTL3 huupenda: herufi ya kwanza ni A, G au U, ya pili ni A au G, ya tatu ni A yenyewe, ya nne ni C, ya tano ni A, C au U. Wakishaupata hufurahi. Hesabu ya kawaida inatosha kuipunguza furaha hiyo. Kama herufi nne zingepangwa kwa bahati tu, uwezekano wa mfuatano huo kutokea mahali popote ni robo tatu, mara nusu, mara robo, mara robo, mara robo tatu, yaani kama asilimia 1.76. Katika herufi 11,800 utapata mifuatano ipatayo 207 bila sababu yoyote ya kibiolojia. Kuwepo kwa DRACH hakuthibitishi chochote. Huonyesha tu mahali ambapo alama ingeweza kuwekwa.

Hatua ya 3: Safisha RNA, kisha ipime kwa spektrometa ya masi

Kazi yoyote inayogusa virusi hai hufanywa kwa kibali cha kamati ya usalama wa kibiolojia ya taasisi, katika maabara ya kiwango kinachostahili kirusi husika. Kumbuka pia kwamba jenomu ya virusi kama chikungunya na dengue inaweza kuanzisha maambukizi ikiingizwa ndani ya seli hata bila ganda lake, hivyo RNA iliyosafishwa nayo ihifadhiwe na kuandikwa vizuri. Mwanafunzi anaweza kujifunza hatua za vipimo kwa RNA za seli zisizoambukizwa, ambazo zina m6A ya kutosha.

Kipimo cha kwanza ni kuivunja RNA kuwa nukleosidi mojamoja kwa vimeng'enya, kisha kuzipitisha katika kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Adenosini ya kawaida huonekana kwa uzito wa 268 na kutoa kipande cha 136. M6A huonekana kwa 282 na kutoa kipande cha 150, yaani ongezeko la 14 la kikundi cha methili. Alama nyingine iitwayo m1A ina uzito huohuo wa 282 na kipande hichohicho cha 150. Zinatofautishwa na muda zinaotoka kwenye safu ya kromatografia, kwa hiyo ni lazima uwe na sampuli safi za zote mbili za kulinganishia. Zaidi ya hayo, m1A hugeuka yenyewe kuwa m6A ikiwekwa katika joto na mazingira ya alkali. Anayeivunja RNA yake kwa alkali anaweza kuitengeneza mwenyewe alama anayoitafuta.

Hata hivyo hatari kubwa zaidi ni uchafu wa RNA ya ribosomu, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Katika seli za binadamu, RNA ya ribosomu ya 18S ina m6A moja na ya 28S ina nyingine moja, kwa jumla ya herufi zipatazo 7,000. RNA hizi ndizo nyingi kuliko zote ndani ya seli. Sasa tuseme umesafisha RNA ya kirusi cha herufi 11,800 na asilimia 10 ya uzito wa sampuli imebaki kuwa ribosomu. Kwa kila jenomu moja ya kirusi utakuwa na herufi kama 1,300 za ribosomu, ambazo zinabeba takribani m6A 0.4. Spektrometa itakuambia, kwa usahihi kabisa, kwamba karibu jenomu mbili kati ya tano zina alama, ilhali huenda hakuna hata moja. RNA ya ujumbe ya kawaida ya mamalia hubeba kwa wastani kama m6A tatu, kwa hiyo kosa hili si dogo kiasi cha kupuuzwa.

Dawa yake ni kuanza na virusi vilivyotoka nje ya seli, kuvisafisha, kuvipitisha katika ribonukleasi ili RNA zinazoelea nje ya ganda ziharibiwe, ndipo utoe RNA ya ndani. Kisha pima kiasi cha 18S na 28S katika sampuli ileile kwa PCR au kwa kusoma mpangilio, na uandike kiasi hicho kando ya kila namba ya m6A unayotoa. Makala isiyoonyesha kiasi cha ribosomu katika sampuli yake mimi huisoma kwa tahadhari, hata ikiwa imechapishwa katika jarida kubwa.

Hatua ya 4: Chora ramani kwa kingamwili, lakini usiisadiki peke yake

Njia iliyoenea zaidi ni kuikata RNA katika vipande vya herufi kama 100 hadi 200, kuvivuta vipande vyenye alama kwa kingamwili inayoitambua m6A, kisha kusoma mpangilio wa vipande vilivyovutwa na kuulinganisha na sampuli ambayo haikuvutwa. Mahali vipande vinaporundikana huitwa kilele.

Kingamwili hizo zina upungufu wa aina tatu. Huitambua pia m6Am, alama jirani inayokaa mwanzoni mwa RNA. Huvuta kidogo vipande visivyo na alama, na katika seli iliyoambukizwa vikali, ambako RNA ya kirusi inaweza kuwa nyingi kupita kiasi, "kidogo" hicho hugeuka kuwa vilele vinavyovutia macho. Tena vilele vyenyewe havirudiwi kwa urahisi: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba tafiti tofauti zilizotumia aina moja ya seli zilikubaliana katika asilimia kama 30 hadi 60 tu ya vilele.

Sampuli linganishi inayotakiwa ni RNA ya kirusi iliyotengenezwa kwenye tyubu kwa polimerasi ya T7 na nukleotidi za kawaida, ambayo haina alama yoyote. Ichanganye na RNA ya seli zisizoambukizwa kwa uwiano uleule unaoonekana katika maambukizi, uipitishe katika hatua zote sawasawa na sampuli yako, na ufute kila kilele kinachojitokeza pia hapo. Kipimo hiki hakigharimu sana, nami sioni sababu ya kukiacha.

Hatua ya 5: Thibitisha herufi moja moja kwa njia isiyotumia kingamwili

Kilele hukupa eneo. Unachohitaji ni herufi. Njia mbili zinafaa kwa maabara zenye bajeti ndogo. Ya kwanza, iitwayo SELECT, hutumia ukweli kwamba m6A huikwaza polimerasi ya Bst, kimeng'enya kinachonakili DNA, na pia kimeng'enya kinachounganisha vipande viwili vya DNA juu ya herufi husika. Alama ikiwepo, zao la PCR hupungua. Sampuli linganishi zake ni RNA ileile iliyopitishwa kwanza kwa FTO ili alama iondolewe, pamoja na herufi ya jirani isiyo na alama inayoonyesha kwamba kiasi cha RNA kilikuwa sawa.

Ya pili ni kusoma RNA moja kwa moja kwa mashine za Oxford Nanopore. RNA hupita katika tundu dogo na kubadilisha mkondo wa umeme, na herufi yenye methili huubadilisha tofauti na ile isiyo nayo. Mashine hizi tayari zimo katika maabara nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu ya kazi ya kufuatilia jenomu za virusi vya UVIKO-19, na zinaweza kufanya kazi hii pia. Sharti ni lilelile: usome pia RNA ya tyubu isiyo na alama, kwa sababu programu za kutambua alama huona m6A mahali isipokuwepo, hasa karibu na mifuatano yenye herufi moja inayojirudia.

Umuhimu wa hatua hii ulidhihirika mwaka 2024. Tafiti za mwaka 2016, ikiwemo ya kundi la Stacy Horner wa Duke iliyohusu virusi vitano vya jamii ya homa ya ini aina ya C, vikiwemo vya dengue, Zika na homa ya manjano, zilikuwa zimechora vilele vya m6A kwa kingamwili. Kundi la Juana Díez la Barcelona lilipochunguza upya jenomu za chikungunya na dengue kwa SELECT na kwa kusoma RNA moja kwa moja, halikupata ushahidi wa m6A, na likahitimisha kwamba alama hiyo si sifa ya kawaida ya jenomu za virusi vya RNA. Hitimisho hilo linahusu virusi vilivyopimwa na mazingira yaliyotumika, na halifuti yaliyothibitishwa kwa VVU au mafua. Hata hivyo linamtaka kila anayefanya kazi na virusi vya saitoplazimu arudi kwenye sampuli zake linganishi.

Hatua ya 6: Ondoa kimeng'enya, upime kila kituo cha maambukizi

Sasa punguza METTL3 kwa siRNA, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyonyamazisha jeni, au uizuie kwa kemikali STM2457 iliyochapishwa mwaka 2021, ukitumia kemikali pacha isiyofanya kazi, STM2120, kama linganisho. Epuka kuitegemea 3-deazaadenosini peke yake. Huzuia usafishaji wa zao la umethilishaji na hivyo hugusa methili za aina nyingi, zikiwemo za kofia ya RNA, kiasi kwamba huwezi kujua ni ipi iliyoleta badiliko. Baada ya hapo rudisha METTL3 nzima katika baadhi ya seli, na katika nyingine urudishe METTL3 iliyobadilishwa isiweze kuweka methili. Ikiwa iliyobadilishwa nayo inarejesha hali ya awali, basi ulichokiona hakitokani na alama.

Usipime mwisho wa maambukizi tu. Pima kuingia kwa kirusi, kiasi cha RNA, kiasi cha protini, na idadi ya virusi vinavyoambukiza vilivyotoka nje, kila kimoja kwa saa zake. Kundi la Horner lilipopunguza METTL3 na METTL14 katika seli zenye homa ya ini aina ya C, kunakiliwa kwa RNA hakukubadilika, ila virusi vilivyotoka viliongezeka. Aliyepima RNA peke yake angeandika kwamba hakuna athari.

Tarajia pia kwamba aina ya seli itabadilisha jibu. Kwa kirusi cha sarkoma ya Kaposi, kupunguza mashine ya m6A kumepunguza uzalishaji katika seli za aina moja na kuuongeza katika nyingine. Kwa SARS-CoV-2, utafiti mmoja wa mwaka 2021 uliona kwamba kuizuia METTL3 hupunguza virusi, na mwingine wa mwaka huohuo ukaona kinyume chake. Kwa hiyo fanya kazi katika aina mbili za seli angalau, moja ikiwa karibu na zile ambazo kirusi huambukiza mwilini.

Hatua ya 7: Tenga athari ya kirusi na athari ya kinga

Hapa ndipo tafiti nyingi hukwama. METTL3 huweka alama kwenye maelfu ya RNA za seli, na mojawapo ni ile ya interferoni beta, protini inayoamrisha ulinzi dhidi ya virusi. Tafiti za mwaka 2018 na 2019 zilionyesha kwamba m6A huifanya RNA ya interferoni beta ivunjwe haraka. Ukiondoa METTL3, interferoni hudumu, kinga hupanda, na virusi hupungua hata kama RNA ya kirusi haikuwahi kuwa na alama hata moja.

Rudia jaribio katika seli za Vero, ambazo haziwezi kutengeneza interferoni za aina ya kwanza, au katika seli ulizozizimia njia hiyo kwa kemikali au kwa kuhariri jeni. Athari ikitoweka, chanzo chake kilikuwa kinga. Ikibaki, una sababu ya kuendelea.

Alama inaweza pia kuificha RNA isionwe na walinzi wa seli, na hilo nalo ni la kupima. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba RNA yenye nukleosidi zilizobadilishwa haiziamshi TLR3, TLR7 na TLR8, vipokezi vya kinga vinavyotambua RNA ngeni, kama RNA tupu inavyoziamsha. Kazi hiyo ndiyo iliyowezesha chanjo za RNA za Pfizer-BioNTech na Moderna, na ikawapa tuzo ya Nobel mwaka 2023. Virusi navyo hunufaika na hali hiyo. Kwa kirusi cha metapneumo cha binadamu, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba m6A huisaidia RNA yake kukwepa kutambuliwa na RIG-I, mlinzi mwingine wa RNA ngeni ndani ya seli, na virusi vilivyopungukiwa na alama hizo vilidhoofika kwa wanyama wa maabara, jambo linalofungua njia ya kutengeneza chanjo. Pima basi uanzishwaji wa RIG-I na wa mlinzi mwenzake MDA5 kwa kutumia RNA yenye alama na isiyo nayo, kwa kiasi sawa na urefu sawa.

Hatua ya 8: Andika kile tu ulichopima

Taja aina ya seli, idadi ya virusi kwa kila seli, saa ya kuvuna, kiasi cha ribosomu, na uweke data ghafi mahali pa umma, pamoja na za RNA ya tyubu. Andika "METTL3 huathiri maambukizi" ikiwa uliishia hatua ya 6, na "m6A kwenye RNA ya kirusi huathiri maambukizi" ikiwa tu ulithibitisha herufi yenyewe na ukaona athari bila ya interferoni.

Jibu la kwamba alama haipo nalo lina masharti. Changanya RNA ya tyubu isiyo na alama na kipande kilichotengenezwa kikiwa na m6A kwenye herufi inayojulikana, kwa viwango vya asilimia 1, 5, 10 na 20, uvipitishe katika kipimo chako, kisha uandike kiwango cha chini kabisa ulichoweza kukiona. Kama ni asilimia 10, sentensi sahihi ni kwamba hakuna herufi iliyokuwa na alama katika zaidi ya asilimia 10 ya nakala za RNA, katika seli hizo na saa hizo.